Maji Mgongoni: Kuchagua Begi la Maji kwa Matembezi ya Siku Moja Mlimani

Mkazi wa Pasua anayekwenda kutembea mlimani kwa siku moja huondoka nyumbani alfajiri, kabla joto la tambarare halijapanda. Kata hiyo iko kusini mwa mji wa Moshi, upande unaoteremka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, kwenye mwinuko wa karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari. Atapanda daladala hadi stendi, atabadilisha gari kwenda Marangu Mtoni, na itakapotimia saa tatu au saa nne asubuhi atakuwa Lango la Marangu, takriban mita 1,900. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 8 hivi ndani ya msitu, saa tatu hadi nne za kupanda, mpaka kwenye vibanda vya Mandara, takriban mita 2,700. Jioni atakuwa amerejea Pasua. Kwa siku moja mwili wake utakuwa umepanda na kushuka karibu mita 1,900, umetoka mahali ambapo jasho huonekana kwenye shati na kuingia mahali ambapo jasho hukauka kabla halijahisiwa. Sehemu kubwa ya maji atakayokunywa ameyabeba mwenyewe mgongoni.

Safari ya namna hiyo si ya watalii peke yao. Wanafunzi huifanya, vikundi vya vijana wa makanisa na misikiti huifanya, na familia pia. Wengine hawaingii hifadhini kabisa: huenda Materuni kwenye maporomoko, wakipita katikati ya migomba na mibuni, au hutembea katika msitu wa Rau ulio jirani na mji. Kwa wote hawa, suala la chombo cha kubebea maji huonekana dogo mno kujadiliwa katika jarida la tiba. Ukweli ni kwamba chombo hicho kinaweza kumfikisha mtu hospitalini kwa njia tatu tofauti: akinywa kidogo mno, akinywa kupita kiasi, au akinywa maji safi yaliyopita katika mfuko mchafu. Njia ya kwanza inajulikana na kila mtu. Mbili zilizobaki hazijulikani sana, na ndizo zinazostahili nafasi kubwa hapa.

Chombo chenyewe na asili yake

Begi la maji ni mkoba wa mgongoni wenye mfuko laini wa plastiki ndani yake. Kutoka katika mfuko huo hutoka mrija unaopita juu ya bega na kuishia karibu na mdomo. Ncha ya mrija ina kifaa kidogo cha mpira, mfano wa chuchu, ambacho mtembeaji hukiuma ili maji yatoke, akikiachia, hujifunga. Siku hizi mabegi haya huonekana mengi mjini Moshi. Baadhi huuzwa mapya, baadhi hupatikana kwenye mitumba katika soko la Memorial, na mengine ni zawadi walizoachiwa waongozaji na wapagazi na wageni waliomaliza safari.

Wahudumu wa afya hawatashangaa wakiambiwa kwamba kifaa hiki kilibuniwa na mwenzao. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Michael Eidson, mhudumu wa huduma za dharura nchini Marekani, alishiriki mashindano ya baiskeli yaitwayo Hotter'N Hell Hundred, yanayofanyika mwezi Agosti katika mji wa Wichita Falls, jimbo la Texas. Ni maili 100, yaani kilomita 160 hivi, katika joto kali. Eidson alijaza maji kwenye mfuko wa dripu, akautia mfuko huo ndani ya soksi ndefu, akaufunga mgongoni mwa fulana yake, kisha akapitisha mrija juu ya bega na kuubana kwa kibanio cha nguo. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa kampuni ya CamelBak, na baada yake watengenezaji wengine wengi.

Asili hiyo inaeleza uzuri wa kifaa na udhaifu wake kwa pamoja. Dripu humpa mgonjwa maji kidogo kidogo bila yeye kufanya kazi yoyote, na begi la maji hufanya vivyo hivyo kwa mtembeaji. Lakini mfuko wa dripu hutumika mara moja ukatupwa pamoja na mrija wake. Mfuko wa begi la maji hutumika miaka, mrija ni uleule, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuuchungulia ndani.

Faida yake iko mahali pamoja tu, nayo ni kwamba begi hili huondoa sababu ya kutokunywa. Chupa iliyo chini ya koti, chini ya chakula, ndani ya mkoba uliofungwa zipu, hunywewa watu wanaposimama. Wakisimama mara mbili, hunywewa mara mbili. Mrija ulio karibu na mdomo hunywewa mtu anapohisi kiu, mafunda mawili au matatu, bila kusimama na bila kuvua mkoba. Kwa mwili, unywaji wa namna hiyo ni bora kuliko kukaa saa mbili bila tone la maji kisha kunywa lita nzima kwa mkupuo.

Inafaa kusemwa hapa kwamba watu ambao wangenufaika zaidi na mrija huo ndio wasiokuwa nao. Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao mjini Moshi huitwa wagumu, hubeba kichwani au begani mzigo wa mgeni unaofikia kilo 20, na mgongoni mkoba wao wenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo kunywa maji maana yake ni kusimama, kutafuta mahali, kuushusha mzigo, kuvua mkoba, kisha kuupandisha mzigo tena. Si ajabu akiahirisha. Mgeni anayetembea mikono mitupu ndiye mwenye mrija mdomoni. Kampuni inayopanga kununua mabegi ya maji kwa ajili ya wateja wake ingefanya vyema kuanzia upande mwingine wa msafara.

Kiasi cha maji, na hatari ya pande zote mbili

Mnunuzi anapofika dukani, swali la kwanza analoulizwa ni la ukubwa: lita 1.5, lita 2 au lita 3? Wengi huchagua lita 3 kwa hoja kwamba zaidi ni salama zaidi. Hoja hiyo ina kasoro.

Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida katika hali ya hewa ya wastani anaweza kuanza na makadirio ya nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Hayo ni makadirio ya kupangia mzigo tu. Mwili mkubwa huhitaji zaidi, na mdogo huhitaji kidogo. Mwezi Januari na Februari, jua la tambarare likiwa kali, mtu anayetembea Rau anaweza kutoa jasho maradufu ya yule anayepanda Mandara mwezi Julai chini ya ukungu. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo aliyetoka Pasua kwenye nyuzi 30 atakuta hewa tofauti kabisa Mandara. Hata hivyo baridi isimdanganye. Hewa ya juu hubeba mvuke kidogo, pumzi huenda haraka, na maji hupotea kupitia mapafu bila dalili yoyote kwenye nguo.

Kwa saa 6 za kwenda Mandara na kurudi, basi, makadirio ni lita 3 kwa siku nzima. Hazilazimiki kubebwa zote tangu langoni. Penye maji njiani au kwenye kituo, mtembeaji anaweza kujaza tena, mradi ayatibu maji hayo kama itakavyoelezwa. Lita 3 ni kilo 3, na kilo 3 zisizo za lazima humchosha mtu na kumfanya atoe jasho zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda mfuko mkubwa. Kwa miaka mingi wanamichezo walihimizwa kunywa kabla ya kuhisi kiu na kunywa kadiri tumbo linavyoweza kupokea. Ushauri huo umeachwa, kwa kuwa uliua watu. Mtu anayekunywa maji mengi kuliko anayopoteza kwa muda wa saa kadhaa huizimua damu yake. Kiwango cha sodiamu hushuka, maji huingia ndani ya seli, na seli za ubongo zilizofungiwa ndani ya fuvu huvimba zikikosa nafasi. Dalili huanza kwa kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole na uso kuvimba. Zikiachwa hufuata kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine: asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka, na wakimbiaji 3 walikuwa katika hali ya hatari kabisa. Walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani waliokunywa zaidi ya walichopoteza, ndio waliokuwa katika hatari kubwa.

Mtembeaji wa siku moja hakimbii, lakini ana muda mrefu na mrija umo mdomoni. Hapo ndipo udhaifu wa begi la maji unapoonekana: kiasi kilichonywewa hakionekani. Chupa huonyesha iliposhukia. Mfuko uliofichwa mgongoni hauonyeshi. Mmoja hudhani bado anayo lita nzima, kumbe mrija unavuta hewa akiwa nusu ya njia. Mwingine ananyonya kwa mazoea, kama mtu anayetafuna jojo, na anajaza tena Mandara bila kuhesabu. Begi zuri kwa sababu hiyo ni lile ambalo mfuko wake una alama za kiasi ubavuni na linaweza kufunguliwa kwa haraka ili kutazama. Kanuni ya kunywa ni kiu. Mwenye kiu anywe, asiye na kiu asijilazimishe.

Panahitajika pia kusahihisha imani iliyoenea miongoni mwa wapandaji, kwamba maji mengi ni kinga ya ugonjwa wa mwinuko. Maji hayazuii ugonjwa huo. Upungufu wa maji huleta maumivu ya kichwa na uchovu vinavyofanana nao, na pengine mkanganyiko huo ndio uliozaa imani. Kinachokinga ni kupanda taratibu na kushuka mapema dalili zinapoanza. Mandara iko juu kidogo ya mita 2,500, kiwango ambacho watu wachache huanza kuathirika, na anayefika pale kutoka Moshi asubuhi hiyohiyo hakuuzoesha mwili wake.

Wanaopaswa kuuliza kwanza

Maelezo ya juu yanamhusu mtu mzima mwenye afya. Kliniki zetu zina watu wengi ambao kanuni ya kiu haiwatoshi, na baadhi yao hupenda kutembea. Wengine wameshauriwa na daktari kutembea.

Mwenye moyo dhaifu au figo zilizopungua nguvu, aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku, asiende na mfuko wa lita 3 wala asinywe bila kupima. Kwake chupa yenye alama ni salama kuliko mrija. Anayetumia dawa za kukojosha, kwa mfano furosemidi au haidroklorothiazidi, hupoteza maji na chumvi hata kabla ya kuanza kutembea. Hajakatazwa safari, bali amwone daktari wake siku kadhaa kabla ili wakubaliane juu ya dozi ya siku hiyo. Asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Wazee huhisi kiu kwa kuchelewa, kwa hiyo ni vyema wakumbushwe kunywa mafunda machache kila wanapopumzika. Mwenye kisukari achukue maji ya kawaida ndani ya mfuko, na kitu cha sukari mfukoni kwa ajili ya sukari inaposhuka, visichanganywe.

Mwenye selimundu anastahili tahadhari ya pekee. Kukauka kwa mwili, baridi na upungufu wa oksijeni ni vichocheo vitatu vya maumivu makali, na safari ya Mandara huvileta vyote kwa siku moja. Kwa mtu huyo swali si begi lipi, bali ni kama safari yenyewe inafaa, na jibu litoke kliniki. Matembezi ya mabondeni, asubuhi, yenye kivuli na maji ya kutosha, yanaweza kuwa mbadala mzuri.

Na kuna diklofenaki. Dawa hii na ndugu zake kama ibuprofeni humezwa ovyo na watu wenye magoti yanayouma, kabla ya kupanda au wakiwa njiani. Figo lililokosa maji hutegemea kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini ili damu iendelee kulifikia, na dawa hizo huzizuia. Mtu aliyekauka, akameza diklofenaki, akaendelea kutembea saa nne juani, huliumiza figo lake pasipo kujua. Hakuna begi linaloweza kurekebisha hilo.

Sokoni

Begi kwa ajili ya matembezi ya siku moja lisiwe kubwa. Mkoba wa ujazo wa lita 15 hadi 20 hutosha kwa mfuko wa maji, koti la mvua, sweta, chakula, tochi na dawa ndogondogo. Mkoba mdogo zaidi, wenye nafasi ya maji peke yake, ni wa wakimbiaji. Kwenye mlima ambao mvua ya msitu hunyesha bila taarifa, haufai. Mkanda wa kifuani na wa kiunoni si pambo: ule wa kiunoni huhamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga, na wa kifuani huzuia mkoba kuyumba wakati wa kushuka. Mnunuzi autie uzito ndani, auvae, atembee hatua kadhaa dukani. Ukigusa shingo au ukining'inia chini ya kiuno, haumfai hata ukiwa wa bei nafuu. Wanawake wengi huona mikanda ya mabegani imepanuka mno kwao, na ni haki yao kujaribu mikoba mitano kabla ya kununua mmoja.

Mfuko wenyewe utazamwe kwa makini zaidi kuliko mkoba. Mdomo wake uwe mpana kiasi cha kuingiza mkono mzima, ama ule wa kufunguka juu kote kwa kibano, maana mfuko usioingia mkono hausafishiki. Mrija uweze kuchomolewa, na ile chuchu pia. Plastiki yenye harufu kali ya mpira mpya, isiyoisha hata baada ya kuoshwa mara mbili tatu, iachwe. Kabla ya kuutegemea mlimani, mfuko ujazwe nyumbani, ufungwe, ulazwe juu ya gazeti na kuwekewa kitabu kizito usiku kucha. Gazeti likilowa, mwenye duka ameuza tatizo.

Kuhusu mitumba, msimamo unaofaa ni huu: mkoba wa mtumba ununuliwe, mfuko wa mtumba ukataliwe. Mkoba huoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani kama nguo nyingine yoyote, na mara nyingi kushonwa kwake ni kuimara kuliko mikoba mipya ya bei ya chini. Mfuko wa ndani ni habari nyingine. Hakuna anayejua ulibeba nini, ulikaa na unyevu miezi mingapi, wala nani aliuma chuchu yake. Madoa madogo meusi ndani ya mrija ni kuvu. Ute unaoteleza kwenye kuta za ndani ni utando wa bakteria, na utando wa namna hiyo haundoki kwa kusuuza. Mfuko mpya unaouzwa peke yake hugharimu kidogo kuliko begi zima, na huingia kwenye mikoba mingi.

Vipi asiyekuwa na uwezo wa kununua hata huo? Hajapungukiwa na kitu cha lazima. Chupa mbili imara za lita moja moja, za chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu ya kutumika tena, zikiwekwa kwenye mifuko ya ubavuni ambako mkono unafika bila kuvua mkoba, hufanya karibu kazi yote ya begi la maji. Huoshwa kwa urahisi, huonyesha kilichobaki, na hazitoboki. Chupa nyembamba za dukani zisitegemewe, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hairuhusu chupa za plastiki za kutumia mara moja. Na dumu lolote lililowahi kubeba dawa za kunyunyizia kahawa au mboga lisiguswe kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara saba.

Hata mwenye begi la maji abebe chupa moja ya lita moja. Sababu ni ya kitabibu. Pakiti ya ORS imepimwa kwa lita moja kamili ya maji. Katika mfuko wa mgongoni kipimo hicho hakipatikani kwa uhakika, na sukari yake hubaki ndani ya mrija kuwalisha wadudu. Mfuko wa lita 1.5 au 2 kwa maji matupu, na chupa ya lita moja kwa ajili ya ORS ikihitajika au kwa akiba: huo ndio mpangilio unaomfaa mtembeaji wengi wa miteremko ya Kilimanjaro. Juisi, soda na chai ya maziwa visiingie kwenye mfuko kamwe. Chumvi inayopotea kwa jasho hurudishwa vizuri na chakula: karanga zenye chumvi, mayai, chapati, ndizi. Lakini vyakula hivyo havimkingi mtu anayejaza maji kupita kiu yake.

Maji ya kujaza njiani

Maji yanayotoka msituni, na yale ya mifongo ambayo Wachaga waliichimba vizazi vingi vilivyopita ili kuyaleta mashambani, huonekana maangavu. Wangavu si usafi. Mfongo hupita karibu na mazizi, makazi na njia za watu, na hata kijito cha juu msituni hunywewa na wanyama. Maji yachemshwe nyumbani kabla ya safari, yapoe, ndipo yatiwe mfukoni. Maji ya moto huharibu viungio vya mfuko. Anayejaza njiani atumie vidonge vya klorini, kama WaterGuard, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha asubiri nusu saa. Maji baridi sana au yenye tope huhitaji muda zaidi, na yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Baada ya kusubiri, anyonye kidogo na kumwaga, ili maji yenye dawa yapite pia ndani ya mrija na kwenye chuchu.

Anaporudi akiwa na kichwa kinachouma

Sehemu hii ni kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vilivyo miguuni mwa mlima. Mtu ameshuka jioni, kichwa kinauma, anatapika, amelegea. Mkono wa mhudumu huenda kwenye dripu kwa mazoea. Kabla ya hapo, maswali matatu: Umekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi? Umekojoa mara ngapi, na mkojo ulikuwa wa rangi gani? Ulifika mwinuko gani, na maumivu yalianzia wapi?

Aliyekunywa kidogo, mkojo mweusi kama chai, ulimi mkavu na mapigo ya haraka, amekauka. Akiweza kunywa apewe ORS, asipoweza ndipo dripu. Ambaye maumivu yalianza akiwa juu na yakapungua kadiri alivyoshuka huenda ni mwinuko. Anayeyumba au kuchanganyikiwa, au anayekosa pumzi hata akiwa amekaa, ni wa kupewa oksijeni na kupelekwa hospitali bila kuchelewa. Aliyekunywa lita nyingi, ambaye pete imembana kidole, ambaye ulimi umelowa na bado anatapika na kuchanganyikiwa, huenda sodiamu yake imeshuka. Huyu asipewe maji zaidi ya kunywa. Dripu ya chumvi ya kawaida, yaani ile ya asilimia 0.9, inaweza kumzidishia hatari. Tiba ya mwenye dalili kali ni chumvi ya asilimia 3, mililita 100 kwa mshipa, inayoweza kurudiwa baada ya dakika 10 dalili zisipotulia, wakati rufaa ikiendelea. Penye kipimo cha sodiamu kipimwe mara moja. Pasipo na kipimo, historia ya maji aliyokunywa ndiyo mwongozo. Ni vyema pia kuchungulia begi lake na kuhesabu.

Baada ya safari

Mfuko husafishwa jioni ileile, hata kama miguu inauma. Maji yaliyobaki humwagwa, mrija huchomolewa, na vyote huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mrija husafishwa kwa brashi ndefu nyembamba. Isipokuwepo, uzi wenye fundo la kitambaa uliovutwa kutoka ncha hadi ncha hufanya kazi hiyo. Chuchu huvuliwa na kusuguliwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayogusa mate na vumbi. Mara moja kwa mwezi, au kila harufu inapobadilika, kijiko kidogo kimoja cha jiki katika lita moja ya maji hutiwa mfukoni, hupitishwa hadi kwenye chuchu, huachwa nusu saa, kisha vyote husuuzwa mara kadhaa kwa maji safi.

Kukausha ndiko kunakosahaulika. Mfuko uliooshwa na kufungwa ukiwa na unyevu huota kuvu ndani ya siku chache, hasa majira ya masika. Uning'inizwe ukiwa wazi, kijiko cha mbao au hanga ndogo ikiwekwa ndani ili kuta zisigusane, kivulini penye upepo, na mrija uning'inizwe wima kando yake. Kwa joto la Pasua, siku moja au mbili hutosha. Mrija ambao bado una madoa meusi baada ya kuoshwa hukatwa na kutupwa, na mwingine hununuliwa kabla ya safari inayofuata.